Uzi Usioingia Sindanoni: Miwani ya Karibu ni Haki ya Mshona Kofia

Katika shehia ya Madungu, mjini Chake Chake, kama ilivyo katika sehemu nyingi za kisiwa cha Pemba, kazi ya sindano haina saa yake maalumu. Hufanywa katikati ya kazi nyingine. Mama huinjika chungu, akakaa mlangoni na kitambaa chake cheupe mpaka maji yachemke. Huiweka kazi kando kumpokea mtoto aliyerudi chuoni, akaishika tena baada ya sala ya alasiri, akaiweka magharibi inapoingia. Kofia ya viua hushonwa kwa mtindo huo. Vitundu vidogo hutobolewa katika kitambaa cha pamba, kisha ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono hadi ukakaza. Kofia moja iliyoshonwa vyema huweza kuchukua miezi kadhaa, kwa sababu mshonaji wake hana siku nzima ya kuitengea.

Kofia hizo zina wenyewe hata kabla ya kutobolewa kiua cha kwanza. Mwali humshonea mchumba wake. Mke humshonea mumewe ili aivae Idi. Mama humshonea mwanawe anayevuka kwenda masomoni Unguja au Dar es Salaam, na bibi humshonea mjukuu anayeanza kwenda msikitini pamoja na babu yake. Desturi hii imevuka bahari pia: huko Oman, ambako familia nyingi zina mizizi Unguja na Pemba, kofia ya namna hii huitwa kumma, na huko nako iliyoshonwa kwa mkono wa jamaa wa kike huwa na heshima ya pekee. Sambamba na kofia za viua kuna kofia na soksi za sufi anazofumiwa mtoto mchanga, vitambaa vya meza vinavyofumwa kwa ajili ya nyumba ya bibi harusi, na mikeka na makawa ya ukili. Baadhi ya kazi hizi huuzwa. Zile nzuri zaidi, aghalabu, hazifiki sokoni, kwani hutolewa kuwa zawadi.

Mwanamke anapofika umri wa miaka arubaini na kitu, zawadi hizi huanza kukatika. Chanzo chake ni kidogo mno: uzi hauingii tena katika tundu la sindano. Kwanza mama humwita mtoto amtungie. Kisha huacha viua vidogo na kushona vikubwa. Baadaye huacha kushona usiku, na mwishowe huifunga kazi katika mtandio na kuiweka sandukuni, akisema kuwa macho yamechoka na zamu sasa ni ya vijana. Watu wa nyumbani huupokea uamuzi huo kana kwamba ni wa kawaida, mfano wa mvi. Huduma za afya nazo huupokea vivyo hivyo, ilhali dawa yake ipo, ni nyepesi, na ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika tiba ya macho: miwani ya kuonea karibu. Kuendelea kuichukulia miwani hiyo kuwa kifaa cha wasomi na makarani ni kosa la kiafya, na mwenye kulilipia kosa hilo ni mwanamke aliyekaa mlangoni na sindano yake.

Kinachotokea jichoni

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi angavu inayobadilika umbo. Kijana anapotazama mnara wa msikiti ulio mbali, lenzi hiyo huwa bapa. Anapotazama ncha ya sindano, misuli midogo iliyo ndani ya jicho hujikaza na lenzi hutuna, ili sura ya kitu kilicho karibu ionekane bila ukungu. Kadiri miaka inavyopita, lenzi hukakamaa. Misuli hufanya kazi yake, lakini lenzi haitii tena. Hali hii huitwa presbiopia. Kwa kawaida huanza kuhisiwa karibu na umri wa miaka 40, huongezeka kidogo kidogo, na mtu anapokaribia miaka 60 huwa vigumu kuikwepa.

Yapo mambo matatu ambayo kila nyumba inafaa iyajue. Kwanza, presbiopia haisababishwi na kushona. Mwanamke aliyeshona kofia tangu utotoni na mwenzake ambaye hajapata kushika sindano watapatwa nayo wote wawili. Tofauti ni kwamba mshonaji ataigundua mapema zaidi. Pili, haiponywi kwa kuosha macho kwa maji ya majani wala kwa kutiwa asali. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni huweza kuleta uambukizo na kovu, na hapo tatizo lililokuwa jepesi likageuka upofu. Tatu, miwani haiharibu macho. Wengi husema kwamba tangu walipoanza kuivaa hawawezi tena kufanya kazi bila miwani. Ukweli ni kwamba lenzi iliendelea kukakamaa kama ambavyo ingeendelea bila miwani, na mvaaji, akishaonja kuona vizuri, hutambua jinsi alivyokuwa akijisumbua kabla ya hapo.

Maarifa ya wanawake wenyewe yanalingana na elimu ya tiba kuliko wanavyodhani. Mshonaji anayesogeza kazi yake mlangoni mchana ana sababu ya kimaumbile: katika mwanga mkali mboni husinyaa, na mboni iliyosinyaa huongeza wepesi wa jicho kuona vitu vya karibu. Ndiyo maana mama yule yule anayetunga uzi saa nne asubuhi hushindwa kabisa baada ya magharibi. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanzania Bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na taa za umeme zikawapa washonaji saa za usiku ambazo kibatari hakikuwa kikiwapa. Hata hivyo, taa inasaidia kwa kiasi tu. Mkono nao una mwisho wa kurefuka. Kwa miaka michache mama huweza kuisogeza kofia mbali na uso ili aione, lakini hufika mahali ambapo umbali unaomfaa macho haumfai tena mkono.

Swali lisiloulizwa

Takwimu zinaonyesha kuwa hili si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani wana tatizo la uoni wa karibu linaloweza kurekebishwa kwa miwani na ambalo halijarekebishwa. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania Bara na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa zaidi ya watu sita kati ya kila kumi wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na presbiopia. Zanzibar nayo ilifanyiwa utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2010: wengi wa waliopimwa walikuwa na tatizo hilo, na waliokuwa na miwani inayowafaa walikuwa chini ya mmoja kati ya watano wanaoihitaji. Isitoshe, tafiti kadhaa katika nchi mbalimbali zimeona kwamba wanawake huhitaji miwani ya karibu mapema kuliko wanaume, na sababu moja inayotajwa ni umbali mfupi wa kazi zinazowashughulisha.

Kwa nini basi pengo hili linaendelea? Jibu moja limo katika swali ambalo mgonjwa huulizwa. Mtu mzima anapolalamikia macho, swali la kwanza aghalabu ni hili: “Unasoma?” Asiyesoma magazeti wala kuandika hujibu kuwa hasomi, na mazungumzo ya miwani ya karibu hukomea hapo. Kisha hupimwa kwa ubao wa herufi uliotundikwa ukutani, akaonekana kuwa anaona mbali vizuri, akaambiwa kuwa macho yake ni mazima. Ameambiwa kweli kuhusu macho yake ya mbali na hakuambiwa lolote kuhusu macho anayofanyia kazi. Jina lenyewe la miwani hiyo, “miwani ya kusomea”, limechangia upotofu huu, kwani linamfanya asiyesoma ajione hahusiki.

Maswali yanayofaa yamo ndani ya maisha ya nyumbani. Je, uzi unaingia sindanoni bila kuita mtoto? Mawe madogo katika mchele yanaonekana wakati wa kuchambua? Mwiba katika kisigino cha mtoto unaonekana? Herufi za msahafu zinasomeka baada ya sala ya alfajiri, au siku hizi ni kwa kukumbuka tu? Mstari wa kipimo kwenye kikombe cha dawa ya maji ya mtoto unatambulika? Tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi la dawa je?

Maswali mawili ya mwisho yanaonyesha kwamba suala hili linavuka mipaka ya kofia. Katika nyumba nyingi za Madungu bibi ndiye anayebaki na wajukuu wakati wazazi wao wako kazini, sokoni au shambani. Ndiye anayewapa dawa ya homa, ndiye anayepima maji ya chumvichumvi mtoto anapoharisha, na ndiye anayehesabu vidonge vyake mwenyewe vya shinikizo la damu. Bibi asiyeona sindano hauoni pia mstari wa mililita tano. Sindano inatoa ishara mapema, katika jambo ambalo kosa lake halidhuru mtu, kabla kosa halijatokea katika kijiko cha dawa.

Kazi isiyo na bei

Zimefanyika tafiti nzuri za kuonyesha faida ya miwani ya karibu. Katika mashamba ya chai ya Assam, nchini India, wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa miwani mwanzoni na jingine likaipata baadaye. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa waliopewa miwani waliongeza tija kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao. Nchini Bangladesh, utafiti wa mtindo kama huo uliochapishwa mwaka 2024 uliwahusisha wanavijiji wa kazi mbalimbali zinazohitaji uoni wa karibu, na kipato cha waliopewa miwani kilipanda kwa takriban theluthi moja baada ya miezi minane.

Ushahidi huu una uzito, na ni haki kuutumia mbele ya wapangaji wa bajeti. Una upungufu wake pia, nao unaigusa Pemba moja kwa moja. Chai hupimwa kwa kilo na kipato huhesabiwa kwa fedha. Kofia aliyoshonewa mjukuu haipiti katika mizani yoyote. Mshonaji akiacha kushona kwa kuwa haoni, hakuna kiwanda kitakachotoa taarifa ya hasara wala soko litakalopungukiwa na bidhaa. Katika hesabu za uchumi hakuna kilichopotea. Nyumbani, hata hivyo, watu huhisi. Kofia ya Idi inanunuliwa dukani, imeshonwa kwa mashine, na mvaaji wake hamjui aliyeishona. Binti aliyekuwa akijifunza viua kwa kukaa ubavuni mwa mama yake anabaki bila mwalimu, kwani ufundi huu hufundishwa kwa kutazama mkono wa mwenye kushona.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili. Umri wa miaka 40 hadi 60 ndio umri ambao mkono wa mshonaji umekomaa, na ndio umri ambao zawadi zinadaiwa kwake kuliko wakati mwingine wowote: wana wanaoa, mabinti wanaolewa, wajukuu wanazaliwa. Macho yanamnyima kazi katika miaka ambayo jamaa zake wanamtazamia zaidi. Mwanamke aliyezoea kutoa hujikuta akipokea tu, na madaktari wanaohudumia watu wazima wanafahamu jinsi hali ya kujiona mtu asiyefaa inavyokaribisha unyonge wa moyo na kujitenga. Kazi ya mkono inayofanywa kwa utulivu, miongoni mwa jamaa, kwa ajili ya mtu anayependwa, humpa mwanamke wa makamo shughuli, mazungumzo na nafasi yake nyumbani. Kuilinda kazi hiyo ni sehemu ya kulinda afya yake.

Kwa hivyo hoja ya kipato pekee haitoshi. Mfumo wa afya ukiwa na kawaida ya kutoa kipaumbele kwa kazi inayoingiza fedha, wanawake wa kofia watakuwa wa mwisho katika foleni daima, kwa sababu tu matunda ya kazi yao hutolewa bure. Kigezo kinachofaa ni kile cha uwezo: je, mtu anaweza kufanya kwa macho yake kazi ambayo maisha yake ya kila siku yanaidai? Kwa kigezo hicho, aliyeajiriwa ofisini na aliyekaa mlangoni Madungu wana haki sawa.

Pingamizi tatu

Yapo mashaka yanayostahili kujibiwa kwa uadilifu. La kwanza ni la vipaumbele. Hospitali za Pemba zina mizigo mizito: akina mama wanaojifungua, watoto wachanga, kisukari, mtoto wa jicho. Itakuwaje fedha zielekezwe katika miwani ya washona kofia? Jibu ni kwamba miwani hii haigombanii chumba cha upasuaji wala muda wa daktari bingwa. Hutengenezwa kwa wingi ikiwa tayari, katika nguvu chache zinazojulikana, na mhudumu wa kawaida huweza kufunzwa kuitoa. Zaidi ya hayo, miwani huwavuta watu wa umri wa miaka 40 na zaidi waje kupimwa, na umri huo ndio ambao shinikizo la jicho, yaani glakoma, na madhara ya kisukari katika jicho huanza kujificha. Mwanamke asiyekuja hospitali kwa ajili ya maradhi asiyoyahisi atakuja kwa ajili ya sindano.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kutoa miwani kirahisi kunaweza kuficha maradhi makubwa. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni kuwafundisha wahudumu na wananchi dalili za hatari. Maumivu ya jicho, wekundu usiopungua, uoni uliopotea ghafla, jicho moja kufifia kuliko jingine, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kuona kama pazia limeshuka, au kutoona mbali: yote hayo hayatatuliwi kwa miwani ya karibu, na mwenye dalili hizo anapaswa kupelekwa kwa wataalamu wa macho bila kuchelewa. Ndivyo pia kwa mtu ambaye, hata baada ya kujaribishwa miwani ya nguvu inayolingana na umri wake, bado hauoni uzi. Mwenye kisukari achunguzwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri, na mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa glakoma asingoje dalili. Katika uchunguzi wahudumu hutumia kadi yenye kitundu kidogo, mfano wa kiua cha kofia. Mtu akiona vizuri zaidi kupitia kitundu hicho, ni ishara kwamba tatizo lake huenda likarekebishwa kwa lenzi.

Pingamizi la tatu ni la nyumbani, na pengine ndilo lenye nguvu zaidi: watoto wapo, watamtungia uzi. Wema wa watoto hao haukatiliki. Lakini kutunga uzi ni mwanzo tu wa kazi. Baada ya hapo kuna mshono mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukitakiwa ukae jirani na mwenzake bila kupishana, na hakuna mtoto awezaye kuyaazima macho yake kwa saa zote hizo. Aidha, mtoto anayetunga uzi leo kesho atakuwa skuli, na keshokutwa atakuwa mbali na Pemba.

Linalowezekana kufanywa

Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliridhia lengo la kuongeza kwa pointi 40 za asilimia kiwango cha watu wanaopata marekebisho stahiki ya uoni ifikapo 2030, na mwezi Mei 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa SPECS 2030 ili kuzisaidia nchi kulifikia. Shirika hilo pia limeandaa mafunzo yanayomwezesha mhudumu asiye mtaalamu wa macho kupima uoni wa karibu na kumpa mtu miwani inayomfaa. Kwa hiyo maarifa na nyenzo vipo. Kilichobaki ni kuviunganisha na mahali walipo washonaji.

Zanzibar ina njia ya kuwafikia. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya, wahudumu wa afya wa kujitolea huzuru nyumba kwa nyumba wakiwa na simu za mkononi, wakifuatilia wajawazito na watoto wadogo. Wanapoingia katika nyumba ya mzazi, aghalabu humkuta bibi pia. Swali moja tu likiongezwa katika ziara hizo, lile la uzi na sindano kwa kila mtu mzima wa miaka 40 na zaidi, litawafichua maelfu ambao kwa sasa hawamo katika orodha yoyote. Vituo vya afya vya msingi navyo viwe na akiba ya miwani ya karibu iliyokwisha kutengenezwa, kuanzia nguvu ya 1.00 hadi 3.00, pamoja na chati ya karibu inayotumia alama ya E inayogeuzwa pande mbalimbali ili asiyesoma asione haya. Siku ya chanjo, ambapo bibi wengi huwasindikiza wajukuu, ni siku nzuri ya kupima macho yao wenyewe.

Mshonaji anayekwenda kupimwa anashauriwa aichukue kazi yake mkononi. Kofia hushonwa karibu na uso kuliko kitabu kinavyosomwa, na kadiri kazi inavyokuwa karibu ndivyo miwani inavyohitaji nguvu zaidi. Miwani iliyopimwa kwa umbali wa kitabu huenda isimfae mwenye kiua. Akishaipata, aifute kwa kitambaa safi, asiivae anapotembea kwa kuwa vitu vya mbali vitafifia, na atarajie kuibadilisha kila baada ya miaka michache. Kushona nako kuna adabu zake: mgongo uegemezwe, mwanga utoke pembeni ili mkono usijizibe wenyewe, na kila baada ya kitambo kidogo macho yainuliwe kutazama mbali, shingo ipate kupumzika.

Watafiti pia wana deni. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyoko Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, imekuwa ikifanya kazi tangu mwaka 2000, na tafiti za kichocho na minyoo zilizofanywa Pemba zimenufaisha dunia nzima. Kisiwa chenye uzoefu huo kinaweza kuongoza pia katika kupima jambo ambalo tafiti za chai na kipato hazikulipima: nini hurudi katika nyumba pale mwanamke wa makamo anaporudishiwa uoni wa karibu. Hesabu hiyo iulize kuhusu kofia zilizomalizwa, dawa zilizopimwa sawasawa, kurasa za msahafu zilizosomwa na mabinti waliofundishwa kushona.

Liko pia jukumu ambalo halingoji Serikali wala watafiti. Katika Madungu na nje yake wako wanaume wengi ambao vichwa vyao vimestiriwa kwa kofia walizoshonewa na mama, mke, dada au shangazi. Baadhi yao wanaishi Unguja, Dar es Salaam, Muscat au London, na hutuma nyumbani kitenge, simu au fedha za sikukuu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda kilichotoboa viua kinastahili pete hiyo, na jicho lililokiongoza linastahili miwani. Mwana anayetaka kumtunza mama yake amuulize kwanza kama uzi bado unaingia sindanoni, kisha amlipie nauli ya kwenda kupimwa, aende naye ikiwa yupo karibu, na asikubali jibu la kwamba macho yamechoka. Kupimwa kwenyewe hakuchukui muda mrefu, na kazi iliyofungwa katika mtandio bado inaweza kumaliziwa.